Kuchagua spika za studio kwa chumba kidogo cha saruji

Vijana wanaoanzisha studio za nyumbani hapa Jinja, Uganda, huniuliza swali hili kuliko mengine yote: wanunue spika gani? Mara nyingi mwulizaji huwa ameshaziona spika zenye koni za njano au nyeupe katika video za maprodyuza wakubwa, ameshazipenda, na anachotaka kwangu ni kuungwa mkono tu. Mimi humwuliza kwanza vipimo vya chumba chake, kuta zimejengwa kwa kitu gani, meza itakaa upande upi, na umeme wa nyumba hiyo una tabia gani. Baadhi yao huona kwamba ninawazungusha. Hata hivyo nina hakika kwamba katika vyumba vyetu vya kupanga, vya matofali na saruji, vyenye futi kumi kwa kumi au zaidi kidogo, chumba ndicho kinachoamua spika ipi itasema kweli, na kwa sababu hiyo nimeona niyaandike maelezo yangu yote mahali pamoja.

Spika za studio, ambazo wengi wetu huziita monita, hutengenezwa ili zitoe sauti kama ilivyorekodiwa, bila kuipamba. Mfumo wa sebuleni, ule unaoitwa wufa madukani, umekusudiwa kumfurahisha msikilizaji: besi imepandishwa, sauti kali za juu zimeongezwa, na sehemu ya katikati, ambamo sauti ya mwimbaji hukaa, imesukumwa nyuma. Ukichanganya wimbo kwa kutumia mfumo huo utaipunguza besi kwa sababu unaisikia nyingi, na siku wimbo utakapopigwa redioni utasikika mwembamba, huku mwimbaji akiwapigia wasikilizaji kelele. Monita inayofaa huenda isipendeze hata kidogo mara ya kwanza. NS-10 ya Yamaha ilitoka mwaka 1978 ikiwa spika ya nyumbani, kisha ikapata makao katika studio nyingi za Marekani na Uingereza, kwa sababu iliianika sehemu ya katikati bila huruma. Kasha lake lilikuwa limezibwa kabisa, halina tundu la hewa, kwa hiyo besi yake haikushuka chini sana, lakini ilianza na kukoma kwa wakati wake. Yamaha waliacha kuitengeneza mwaka 2001, malighafi ya ile koni nyeupe ilipokuwa haipatikani tena, na hadi leo watu huzitafuta zilizotumika.

Turudi kwenye chumba, maana hapa ndipo penye uzito. Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa takriban mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa na nyuzijoto 20. Ukigawanya mwendo huo kwa hezi 50 (mitetemo 50 kwa sekunde), yaani mahali inapokaa kiki, ile ngoma nzito ya biti nyingi za siku hizi, utapata wimbi lenye urefu wa karibu mita 7, mara mbili ya chumba chenyewe. Wimbi la namna hiyo hugonga ukuta wa saruji, hurudi karibu na nguvu zake zote, na kukutana na mawimbi mengine yanayokuja. Pale ambapo umbali kati ya kuta mbili ni nusu ya urefu wa wimbi, mawimbi hayo hujengana: karibu na kuta besi huvimba, na katikati ya chumba hupotea kabisa. Kwa chumba chenye urefu wa mita 3.5 jambo hilo hutokea kwenye hezi 49. Kwa upana wa mita 3, kwenye hezi 57. Kwa kimo cha mita 2.7, karibu na hezi 64. Chumba cha futi kumi kwa kumi kina hali mbaya zaidi, kwa sababu urefu na upana wake huvimbisha masafa yale yale, karibu na hezi 56, na kama dari nalo limepanda futi kumi, pande zote tatu hulemea noti moja.

Basoga wanaopiga embaire, yale marimba makubwa ya magogo, huchimba shimo ardhini na kuyalaza magogo juu yake, na shimo hilo ndilo linaloipa besi uzito unaosikika kifuani. Wao wanautaka ukuzaji huo na wameuchimbia shimo. Anayechanganya muziki ameketi ndani ya shimo la saruji ambalo hakulichimba, linalokuza noti chache na kuzimeza nyingine, na anadhani kwamba anachokisikia kimo ndani ya wimbo. Akiketi katikati ya chumba ataiongeza besi ambayo tayari ipo, na wimbo wake ukipigwa kwenye teksi utatikisa vioo vya madirisha kwa noti moja tu huku nyingine zikiwa kimya.

Ndiyo maana siwashauri watu wenye vyumba vya mita 3 kununua spika za inchi 8, yaani zenye koni ya upana huo. Spika hizo hushuka hadi karibu na hezi 40 au chini yake, na huko chini ndiko chumba kidogo kisikoweza kusema kweli. Mnunuzi hulipa fedha zaidi ili aamshe tatizo ambalo spika ndogo ingeliacha limelala. Kwa chumba cha kawaida cha kupanga, chaguo langu ni inchi 5, na ninalitetea hata mbele ya wale wanaotengeneza dancehall na muziki wa klabu, ambao huniona ninawanyima haki yao ya besi. Besi yao wataisikia, isipokuwa ile oktava ya chini kabisa, ambayo wataikagua kwa hedifoni.

Hapa inafaa mnunuzi ajue kusoma namba zilizoandikwa kwenye boksi, kwa sababu haziandikwi kwa kipimo kimoja. Yamaha HS5 hutajwa kuwa huanzia hezi 54, lakini hapo sauti imeshapungua kwa desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Ukitumia kipimo kikali zaidi cha desibeli 3, spika ile ile huanzia hezi 74. JBL 305P MkII, ambayo nayo ni ya inchi 5, huanzia hezi 43 kwa kipimo cha desibeli 10 na hezi 49 kwa kipimo cha desibeli 3. Kwa hiyo anayelinganisha 54 ya huku na 49 ya kule, akaona kwamba tofauti ni ndogo, amelinganisha vitu viwili visivyolingana. Noti ya chini kabisa ya gitaa la besi la nyuzi nne ni hezi 41, na kwa HS5 utakayoisikia zaidi ni sauti ya juu yake, iliyo mara mbili, kwenye hezi 82. Kwa kazi nyingi hilo linatosha, kwa sababu simu na redio ndogo za wasikilizaji wetu nazo hazifiki kwenye hezi 41.

Nikilazimika kuchagua kati ya hizo mbili, swali langu ni unachorekodi na jinsi ulivyokitayarisha chumba. Kwa mtu anayerekodi kadongo kamu, kwaya, adungu au mahubiri, yaani muziki unaosimama juu ya sauti ya mtu na nyuzi, HS5 inanifaa zaidi, maana huionyesha sehemu ya katikati kwa ukali na husamehe mambo machache. Kwa anayetengeneza biti, ambaye ameshakivisha chumba chake vizuri kwa vitu vinavyonyonya sauti, JBL itampa besi zaidi ya kufanyia kazi, na namna ilivyoundwa kuizunguka twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, huifanya sauti isibadilike sana ukisogeza kichwa. Rokit za KRK, zile zenye koni za njano, zina sifa ya muda mrefu ya kuinenepesha besi. Kizazi kilichotoka mwaka 2019 kina kioo kidogo mgongoni cha kurekebishia sauti kulingana na chumba, na mwenye subira ya kukitumia atapata spika inayofaa. Adam T5V kutoka Ujerumani ina twita ya utepe uliokunjwa, nayo huwapendeza watu wanaosikiliza ncha za maneno na mikwaruzo ya vidole kwenye nyuzi. Genelec ya Ufini, yenye makasha ya alumini, ni kazi bora hata katika ukubwa mdogo, lakini bei yake ingeweza kununua jozi ya kawaida na kukivisha chumba chote, na mimi ningefanya hivyo. Spika ndogo kabisa, za inchi 3 au 3.5, zinafaa kwa kutungia nyimbo mezani. Kwa kukamilisha wimbo sizitegemei.

Zingatia pia mahali tundu la hewa lilipo. HS5, 305P na T5V zina tundu mgongoni, kwa hiyo haziwezi kubanwa ukutani. Zinahitaji angalau nafasi ya kiganja kimoja. Rokit ina mwanya wa mbele na huvumilia ukuta kwa urahisi zaidi. Jambo hili halinifanyi nikatae spika nzuri, ila katika chumba ambacho kitanda na meza vinagombea nafasi lina maana yake.

Ukuta wa nyuma ya spika una hesabu yake, na hesabu hiyo ina faida kubwa kuliko waya wowote wa bei ghali. Sauti inayotoka mgongoni hurudi kutoka ukutani na kuikata ile ya mbele kwenye masafa ambayo robo ya wimbi lake ni sawa na umbali kati ya uso wa spika na ukuta. Uso ukiwa sentimita 60 kutoka ukutani, shimo hutokea karibu na hezi 143, katikati kabisa ya sauti ya mwanamume. Ukizisogeza spika nyuma mpaka uso uwe kwenye sentimita 30, shimo hupanda hadi karibu na hezi 286, ambako kizuizi kinene cha nguo au pamba kilichowekwa nyuma ya spika huanza kufanya kazi. Kwa hiyo katika chumba kidogo ninaziweka karibu na ukuta, na kwa kuwa ukuta huipandisha besi, naipunguza kwa swichi ya mgongoni. Kwenye HS5 swichi hiyo hupunguza desibeli 2 au 4 chini ya hezi 500. Spika zitazame urefu wa chumba, ziwe na umbali sawa kutoka kuta za pembeni, na pamoja na kichwa chako zifanye pembetatu yenye pande sawa, twita zikiwa kwenye kimo cha masikio. Kiti changu hukaa kwenye asilimia 38 hivi ya urefu wa chumba kutoka ukuta wa mbele, na ninakwepa katikati kwa sababu niliyokwisha kuieleza. Stendi hazihitaji kununuliwa: bloku za saruji zilizopangwa, ubao juu yake, na kipande cha mpira wa gurudumu chini ya kila spika huzuia mtetemo usiingie mezani.

Kuhusu kukivisha chumba, naomba tuachane na trei za mayai. Nimeziona zimebandikwa kuta nzima katika studio nyingi za Uganda, na najua zilivyobandikwa kwa matumaini, lakini ni karatasi nyepesi inayogusa kidogo tu sauti za juu na kuiacha besi kama ilivyo. Zaidi ya hapo hushika moto upesi. Sponji ya godoro nayo huungua kwa moshi wenye sumu, kwa hiyo isiwekwe karibu na soketi wala taa ya moto. Kinachosaidia ni unene na uzito. Mbao za fremu hupatikana Ndeeba kwa wanaoishi Kampala, na kila mji una maseremala wake. Blanketi nzito za mtumba za soko la Owino, Kampala, zikikunjwa hadi fremu ya sentimita 10 au 15 ijae na kufunikwa kwa kitambaa kinachopitisha hewa, hufanya kazi ya heshima. Mwenye uwezo wa kupata pamba ya madini, ile inayozuia joto katika matanuri, aitumie hiyo, akiifunika vizuri ili vumbi lake lisiingie kifuani. Fremu za kwanza ziende kwenye kona, ambako besi hujikusanya, zinazofuata ziende pembeni, pale ambapo ukiweka kioo ukutani utaiona spika ukiwa umeketi kitini. Kabati lililojaa nguo na kitanda kilichotandikwa nyuma yako pia husaidia, na mimi sioni aibu ya kuwa na studio chumbani. Mvua juu ya mabati ni suala jingine. Hapo hakuna fremu itakayokuokoa, subiri ikatike.

Sasa umeme. Monita nyingi za leo zina amplifaya ndani, kwa hiyo mabadiliko ya umeme huingia moja kwa moja ndani ya spika. Umeme wetu ni wa volti 240 na hezi 50. Soma mgongoni kabla ya kuichomeka: spika iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani inaweza kuwa ya volti 120 pekee, na ukiichomeka kwenye soketi yetu itaungua hapo hapo. Nyingine zina swichi ya kuchagua volti, nyingine hupokea kuanzia 100 hadi 240 bila kuguswa, na hizi za mwisho ndizo zinazovumilia zaidi umeme unapopanda na kushuka jioni. Stabilaiza ni ya lazima, si anasa, na umeme ukikatika zima swichi za spika usiziwashe hadi urudi na utulie. Ikiwa nyumba inatumia sola, inveta iwe ya wimbi safi, kwani zile za bei rahisi huleta mlio ambao hautautoa kwa programu yoyote. Mngurumo wa hezi 50 au 100 usiokoma kwa kawaida hutokana na waya wa ardhini au nyaya zisizo na kinga. Tumia nyaya za XLR au jeki za TRS, zile zenye mistari miwili, kutoka kwenye intafesi (kifaa kinachounganisha kompyuta na spika), chomeka vifaa vyote kwenye soketi moja, na umwite fundi wa umeme aikague athi ya nyumba. Usikubali mtu akikata pini ya ardhini ya plagi ili mngurumo uishe. Mngurumo utaisha kweli, nayo kinga yako itakuwa imeondoka.

Dukani usisikilize kwa furaha. Duka la Kampala lina kelele za barabarani, muziki wa jirani na rafu za vioo, na hapo spika yenye besi nyingi na ukali wa juu itashinda kila mara. Nenda na nyimbo tatu au nne unazozijua kwa miaka, za watu wengine, mojawapo ikiwa na sauti ya mtu na gitaa tu. Muombe muuzaji alinganishe ukubwa wa sauti wa jozi mbili kabla hujahukumu, kwa sababu sikio huipenda ile iliyo juu hata kwa tofauti ndogo. Sikiliza ikiwa wimbo unasikika katikati kabisa ya spika mbili, kama mtu amesimama hapo; ukisikika upande mmoja, jozi hailingani au imeunganishwa vibaya. Kisha icheze sauti moja inayopanda polepole kutoka hezi 40 hadi juu, ambayo unaweza kuiweka kwenye simu, na usikilize mtikisiko au mkwaruzo. Kwa zilizotumika, gusa ukingo wa koni: ukingo wa sponji huoza kwa joto na unyevu, na sisi tunaokaa kando ya Ziwa Nyanza tunalijua jambo hilo, ukingo wa mpira hudumu. Risiti iwe na namba za spika zote mbili, na bei iliyotajwa iwe imeshajumuisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, ili usije ukaongezewa kwenye kaunta.

Zikishafika nyumbani, zisikilize siku kadhaa bila kuchanganya chochote. Weka sauti kiasi cha desibeli 75 kwenye kiti chako, kiwango ambacho mtu anaweza kuzungumza nawe bila kupiga kelele. Programu ya kupimia kwenye simu inatosha kwa kukadiria. Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio husikia besi kwa uhafifu zaidi sauti inapokuwa chini, na kwa hiyo anayechanganya leo kwa sauti ndogo na kesho kwa sauti kubwa hubadilisha uamuzi wake bila kujua. Chagua kiwango, weka alama kwenye kitufe cha intafesi, na ukae hapo. Mwenye kompyuta na maikrofoni ya kupimia aipakue Room EQ Wizard, ambayo hupatikana bure, na ataona kwa macho vilima na mabonde ya chumba chake.

Bajeti yangu huigawa hivi: theluthi mbili kwa spika, na theluthi iliyobaki kwa fremu, nyaya na stabilaiza. Asiye na fedha za kutosha kwa yote hayo asinunue spika mbovu kwa haraka. Anunue kwanza hedifoni nzuri zilizofungwa, kama Sony MDR-7506, ambazo zimetumika katika studio na vituo vya redio tangu mwaka 1991, achanganye kwa hizo, kisha akague kazi yake kwenye simu, kwenye redio ya jirani na kwenye teksi. Hedifoni huvitenganisha vyombo vya kushoto na kulia kupita kiasi, kwa hiyo asukume gitaa pembeni kwa kiasi, na kila mara ausikilize wimbo wote ukiwa umeunganishwa katika mono kabla ya kuutoa. Zile theluthi mbili aendelee kuziweka akiba hadi zifike, na wakati huo aanze kutengeneza fremu za kona.